Je, mshindi naye aliulizwa? Namna ya kuipima mahakama ya uhalifu wa kivita

Hukumu ya uhalifu wa kivita inapotolewa, mabishano yanayofuata huwa yale yale: upande mmoja hudai kwamba haki imetendeka, na upande wa pili hudai kwamba mshindi amemhukumu aliyemshinda, basi. Mabishano hayo hayafiki mbali kwa sababu yanachanganya maswali mawili yanayopaswa kutenganishwa tangu mwanzo. Swali la kwanza ni kama mtu aliyehukumiwa alitenda kosa aliloshtakiwa nalo. Swali la pili ni kama watu wa upande wa pili waliotenda makosa ya namna hiyo nao waliulizwa. Jibu la moja halifuti jibu la jingine. Muuaji aliyefungwa hubaki kuwa muuaji hata pale ambapo muuaji mwingine hakuwahi kuitwa mahakamani, na huyo asiyeitwa hatakasiki kwa sababu mwenzake amefungwa.

Mwongozo huu unahusu swali la pili peke yake. Umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi, mwandishi wa habari au msomaji yeyote anayetaka kulijibu kwa ushahidi badala ya ushabiki. Mfano mkuu ni mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyoshughulikia Rwanda, iliyojulikana zaidi kwa kifupi cha ICTR, ambayo ilikaa Arusha na kufungwa rasmi tarehe 31 Desemba 2015. Mahakama nyingine zitatajwa pale zinapofundisha jambo ambalo Arusha haifundishi.

Soma kwanza hati iliyoianzisha mahakama

Kabla ya kusoma hukumu yoyote, tafuta mkataba au azimio lililoiunda mahakama, kisha usome vifungu vinavyoeleza mambo matatu: nani anaweza kushtakiwa, kwa matendo ya kipindi gani, na ya mahali gani. Hapo ndipo upendeleo wa wazi hujionyesha, kwa sababu waandishi wa hati hizo mara nyingi hawakuona haja ya kuuficha.

Chukua Mahakama ya Nuremberg, iliyowahukumu viongozi wa Ujerumani ya Kinazi baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Hati yake ilitiwa saini London tarehe 8 Agosti 1945 na Marekani, Uingereza, Ufaransa na Umoja wa Kisovyeti, na kifungu cha 6 kiliipa mahakama mamlaka juu ya watu waliotenda kwa maslahi ya nchi za Mhimili za Ulaya, yaani Ujerumani na washirika wake. Kwa maneno hayo machache, kila mwanajeshi wa upande ulioshinda aliwekwa nje ya mahakama kabla shahidi wa kwanza hajaapishwa. Majaji wote walitoka katika mataifa hayo manne, na mmoja wao, Iona Nikitchenko wa Umoja wa Kisovyeti, alikuwa ameshiriki katika majadiliano ya kuiandika hati yenyewe. Msomaji hahitaji kwenda mbali zaidi ili kujua kwamba mlango wa mshindi ulifungwa makusudi.

Sasa linganisha na Azimio namba 955 la Baraza la Usalama, lililopitishwa tarehe 8 Novemba 1994 kuianzisha mahakama ya Rwanda. Kifungu cha kwanza cha hati yake kinawahusu watu wote waliovunja kwa uzito sheria ya kimataifa ya kibinadamu katika ardhi ya Rwanda, na raia wa Rwanda waliofanya hivyo katika nchi jirani, kati ya tarehe 1 Januari na 31 Desemba 1994. Hakuna upande uliotajwa. Serikali iliyoangushwa, wanamgambo wa Interahamwe na jeshi la RPF lililoshinda vita wote waliingia katika maneno hayo. Serikali mpya ya Kigali, iliyoongozwa na RPF, na ambayo wakati huo ilikuwa na kiti katika Baraza la Usalama, ndiyo pekee iliyopiga kura ya kulipinga azimio hilo, huku China ikijizuia. Miongoni mwa sababu zake ni kwamba mahakama haingetoa adhabu ya kifo, na kwamba kipindi kilichowekwa kilikuwa kifupi mno kuweza kugusa maandalizi ya mauaji ya kimbari yaliyofanyika kabla ya 1994.

Zitazame tarehe kwa makini, maana tarehe huamua mengi kimya kimya. Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu ya The Hague haiwezi kugusa tendo lolote lililofanyika kabla ya tarehe 1 Julai 2002. Kwa Mkongomani wa Kivu au Kisangani, maana yake ni kwamba vita vya 1996 na vya 1998 karibu vyote vimebaki nje. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa Oktoba 2010 iliorodhesha matukio 617 ya ukatili yaliyotokea nchini Kongo kati ya Machi 1993 na Juni 2003, lakini hakuna mahakama ya kimataifa iliyoundwa kuyasikiliza.

Fuata safari ya kesi kabla haijafika kizimbani

Hati ikiwa wazi kwa pande zote, usifunge uchunguzi na kutangaza kwamba haki imetendeka. Upendeleo wa namna hii haukai katika sheria wala katika hukumu. Hukaa katikati, katika uamuzi wa nani achunguzwe, mashahidi watapatikana wapi na mshtakiwa atakamatwa na polisi wa nani. Mahakama ya kimataifa haina jeshi wala haina mpaka wake. Hutegemea serikali, na mara nyingi serikali hiyo ndiyo ya mshindi. Sehemu hii ndiyo inayostahili muda wako mwingi zaidi, na Arusha inaionyesha vizuri kuliko mahakama nyingine yoyote ninayoijua.

Anza na kesi ya Jean-Bosco Barayagwiza, mwanzilishi wa CDR, chama chenye msimamo mkali dhidi ya Watutsi, na mmoja wa viongozi wa RTLM, redio iliyochochea mauaji ya kimbari. Alikamatwa Kamerun mwaka 1996 na kukaa mahabusu muda mrefu bila kufuatwa taratibu zinazotakiwa. Tarehe 3 Novemba 1999 majaji wa rufaa waliamua kwamba haki zake zilikuwa zimevunjwa kiasi kwamba aachiwe huru. Rwanda ilisitisha ushirikiano wake na mahakama, na mwendesha mashtaka mkuu, Carla Del Ponte, alinyimwa viza ya kuingia nchini humo. Alirudi mbele ya majaji kuomba uamuzi uangaliwe upya, akawaeleza bila kuficha kwamba pasipo ushirikiano wa Rwanda kazi ya mahakama ingekwama. Tarehe 31 Machi 2000 majaji waliubadilisha uamuzi wao, wakisema kwamba wameletewa mambo mapya ambayo hawakuwa nayo awali, na kesi ikaendelea. Inawezekana kabisa kwamba mambo hayo mapya yalikuwa na uzito wa kisheria, na kwa maoni yangu kesi ile ilistahili kusikilizwa. Hata hivyo mtu anayepima haki ya pande mbili anapaswa kuandika pembeni kwamba tangu siku ile kila mtu ndani ya jengo la AICC, mahakama ilipokuwa ikikaa, alijua ufunguo wa ghala la mashahidi uko mkononi mwa nani.

Miaka miwili baadaye ufunguo huo ulitumika tena. Del Ponte alikuwa ametangaza kwamba anachunguza pia mauaji yaliyodaiwa kufanywa na askari wa RPF mwaka 1994. Katikati ya 2002 Rwanda iliweka masharti mapya kwa mashahidi waliotakiwa kusafiri kwenda Arusha, na baadhi ya kesi zikasimama kwa kukosa mashahidi. Kesi hizo zilikuwa za watuhumiwa wa mauaji ya kimbari, siyo za RPF. Kwa maneno mengine, njia iliyomlinda mshindi ilipita juu ya kesi ambazo mshindi mwenyewe alitaka zisikilizwe. Mwendesha mashtaka alipeleka malalamiko Baraza la Usalama. Mwezi Agosti 2003 Baraza lilipitisha Azimio namba 1503, likatenganisha cheo cha mwendesha mashtaka wa Arusha na cha mwenzake wa mahakama ya Yugoslavia ya zamani, vyeo ambavyo hadi hapo vilishikwa na Del Ponte peke yake. Yeye akabakishwa The Hague, na Hassan Bubacar Jallow wa Gambia akapewa Arusha. Baraza lilieleza kwamba mahakama mbili zenye kazi nyingi zinahitaji waendesha mashtaka wawili, hasa kwa kuwa zilikuwa zimepangiwa muda wa kumaliza. Del Ponte alieleza kwamba aliondolewa kwa sababu ya uchunguzi wake juu ya RPF. Si lazima uchague maelezo mojawapo. Azimio lenyewe liliitaja Rwanda pamoja na Kenya na Kongo katika kutaka ushirikiano uongezwe, na lilitaja waziwazi uchunguzi juu ya jeshi la Rwanda. Kwa hiyo hoja ya RPF haikuwa siri. Unachotakiwa kukiangalia ni kile kilichofuata.

Kilichofuata ni hiki. Tarehe 5 Juni 1994, karibu na Kabgayi, askari wa RPF waliwaua watu 15, wakiwamo maaskofu watatu na viongozi wengine wa Kanisa Katoliki, pamoja na mtoto. Mahakama ya Arusha ilichunguza tukio hilo, lakini mwaka 2008 Jallow aliliambia Baraza la Usalama kwamba jalada limekabidhiwa Rwanda ili kesi isikilizwe huko. Mahakama ya kijeshi ya Rwanda iliwashtaki maofisa wanne. Wawili walikiri na kuhukumiwa kifungo cha miaka minane, kilichopunguzwa na kuwa mitano katika rufaa. Wawili waliachiwa huru. Human Rights Watch, shirika la kutetea haki za binadamu, waliilaumu kesi hiyo kuwa ya kufunika mambo, naye mwendesha mashtaka aliitetea akisema ilifuatiliwa na ilikuwa ya haki. Arusha yenyewe iliwafungulia mashtaka watu 93, na hakuna hata mmoja kati yao aliyeshtakiwa kwa matendo ya RPF.

Ukitaka kuitumia njia hii kwa mahakama nyingine, andika safari ya kila jalada hatua kwa hatua: lilifunguliwa lini, nani alilishika, lilihamishiwa wapi, na kwa sababu gani iliyotajwa. Pale ambapo majalada ya upande mmoja yanafika kizimbani na ya upande mwingine yanaishia njiani kila mara, umeupata ushahidi ambao hotuba za wanasiasa haziwezi kukupa.

Usihesabu vichwa peke yake

Kosa linalowapata wachambuzi wengi ni kuchukua idadi ya washtakiwa, kuigawa kwa upande, na kutangaza kwamba mizani imepinda. Hesabu hiyo haina maana mpaka uiweke kando ya ukubwa wa matendo yenyewe. Tume ya wataalamu iliyoteuliwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1994 ilieleza kwamba pande zote mbili nchini Rwanda zilivunja sheria kwa uzito, lakini ikasema pia kwamba mauaji ya kimbari yalifanywa dhidi ya Watutsi, na kwamba haikuona ushahidi wa nia ya kuwaangamiza Wahutu kama kundi. Mahakama iliyoshughulikia mauaji ya mamia ya maelfu ya watu kwa siku zipatazo mia moja ilikuwa na kila sababu ya kuelekeza nguvu zake nyingi kwa walioyapanga. Kudai idadi sawa ya washtakiwa kutoka kila upande ni kudai uongo uliovikwa joho la usawa, na wapo wanaolitumia dai hilo makusudi ili kuyakana mauaji ya kimbari yenyewe. Jihadhari nao.

Kipimo kinachofaa ni cha kosa kwa kosa. Chukua tendo mahususi la upande ulioshinda, lenye mahali, tarehe na ushahidi, kisha uulize kama tendo linalofanana nalo la upande ulioshindwa lilishtakiwa. Mauaji ya makasisi waliokuwa chini ya ulinzi wa askari ni kosa ambalo mahakama yoyote ya aina hii ingelishughulikia. Tofauti kati ya mmoja na sifuri ina uzito kuliko tofauti kati ya tisini na tano.

Sikiliza utetezi wa "hata ninyi mlifanya"

Majaji wa kimataifa kwa kawaida hukataa utetezi huu, na wana sababu nzuri: kosa la jirani halikupi ruhusa ya kukosa. Hata hivyo usomaji makini wa sehemu hizo za hukumu huonyesha jinsi mahakama ilivyojisikia ilipokabiliwa na makosa ya waliomiliki jengo.

Mfano unaosomwa zaidi ni wa Karl Dönitz, kamanda wa nyambizi za Ujerumani aliyeshtakiwa Nuremberg. Wakili wake, Otto Kranzbühler, alijua kwamba hoja ya "hata ninyi mlifanya" ingekataliwa, kwa hiyo aliigeuza. Hakusema kwamba mteja wake asamehewe kwa kuwa na wengine walikosa. Alisema kwamba jinsi majeshi yote ya majini yalivyopigana kunaonyesha sheria yenyewe ilikuwa ipi. Aliomba majibu ya maandishi kutoka kwa Admirali Chester Nimitz wa Marekani, naye Nimitz alijibu kwamba Marekani iliendesha vita vya nyambizi visivyo na mipaka, yaani vya kuzamisha meli bila onyo, katika Pasifiki tangu siku ya kwanza ya vita dhidi ya Japani. Mahakama ikamkuta Dönitz na hatia kwa mambo mengine na kumfunga miaka kumi, lakini ikaandika kwamba, kwa kuzingatia majibu ya Nimitz pamoja na amri ya Uingereza ya Mei 1940 ya kuzamisha meli pale zinapoonekana, adhabu yake haikukadiriwa kwa msingi wa kuvunja sheria ya vita vya nyambizi. Hapo mahakama ya washindi ilikiri kwa kalamu yake kile ambacho hati yake iliikataza kukihukumu. Kwa upande mwingine, shtaka la mauaji ya maofisa wa Poland huko Katyn, ambalo Wasovyeti walilipachika kwa Wajerumani, lilipotea tu katika hukumu bila maelezo. Moscow ilikubali mwaka 1990 kwamba mauaji hayo yalikuwa yake. Ndiyo maana nasisitiza kwamba usome pia kile ambacho hukumu imekiruka: linganisha hati ya mashtaka na hukumu ukurasa kwa ukurasa, na ukiona shtaka limetoweka, uliza kwa nini.

Wako washindi walioulizwa kweli. Mahakama Maalumu ya Sierra Leone iliwashtaki waasi, lakini pia iliwashtaki viongozi wa CDF, kundi la wanamgambo lililopigana kuilinda serikali iliyochaguliwa. Kiongozi wake, Sam Hinga Norman, alikuwa waziri wa mambo ya ndani alipokamatwa Machi 2003; alifariki mwaka 2007 kabla ya hukumu. Wenzake wawili, Moinina Fofana na Allieu Kondewa, walipewa na majaji wa awali miaka sita na minane, kwa sehemu kwa sababu walipigania kurejeshwa kwa demokrasia. Majaji wa rufaa walikataa hoja hiyo mwaka 2008, wakasema kwamba uzuri wa sababu ya kupigana haupunguzi uzito wa kosa, na adhabu zikapandishwa hadi miaka 15 na 20. Hukumu zile mbili zisomwe pamoja, kwa sababu kati yake kuna swali zima la mada hii: je, aliyepigana upande wenye haki apunguziwe? Mimi naona majaji wa rufaa walikuwa sahihi. Raia aliyeuawa hapati nafuu kwa kuuawa na mpigania demokrasia, na sheria za vita ziliandikwa ili zimfunge kila anayeshika silaha bila kujali nani alianza.

Angalia milango mingine

Kukosekana kwa mtu gerezani si mwisho wa uchunguzi. Nchi yenyewe inaweza kushtakiwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ambayo haifungi watu bali huamua wajibu wa mataifa. Kisangani inatosha kuonyesha faida na udhaifu wa mlango huo. Mwezi Juni 2000 majeshi ya Uganda na Rwanda, yote yakiwa ni majeshi ya kigeni, yalipigana wenyewe kwa wenyewe kwa siku sita ndani ya mji huo wa Kongo, na mamia ya raia wakafa kwa mabomu ya pande zote mbili. Kongo iliishtaki Uganda, na kwa kuwa Uganda ilikuwa imeyakubali mamlaka ya mahakama hiyo, ilikutwa na wajibu Desemba 2005, kisha Februari 2022 ikaamriwa kulipa fidia ya dola milioni 325 za Marekani. Kongo iliishtaki Rwanda pia, lakini Februari 2006 mahakama ilisema haina mamlaka, kwa sababu Rwanda haikuwa imeyakubali. Ni mtaa ule ule na wiki ile ile. Familia iliyobomolewa nyumba na kombora la Uganda ina hukumu ya kushika mkononi, na jirani yake aliyebomolewa na kombora la Rwanda hana.

Kwa hiyo orodhesha milango yote: mahakama za kimataifa za jinai, mahakama ya kesi za mataifa, mahakama za kijeshi za nchi husika, na mahakama za nchi za Ulaya ambazo hupokea kesi za uhalifu uliofanyika mbali na kwao. Kwa kila mlango andika nani anaweza kuupita na nani ameukataa.

Kijaribu kipimo kwa vita unayoipenda

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mtanzania atakayeyafuata yote haya kwa Rwanda na Ujerumani anapaswa kuyafuata pia kwa Vita ya Kagera. Mwishoni mwa 1978 askari wa Idi Amin walivamia eneo la kaskazini ya Mto Kagera, wakaua raia, wakapora mifugo na kuvunja daraja la Kyaka. Mapema 1979 majeshi ya Tanzania, yakiwa njiani kuelekea Kampala, yalibomoa sehemu kubwa ya miji ya Masaka na Mbarara, na ubomoaji huo unaelezwa kwa kawaida kama kisasi cha Kagera. Hakuna mahakama ya kimataifa iliyokaa kwa upande wowote. Amin alifia Jeddah mwaka 2003 bila kushtakiwa, na suala la Masaka halijawahi kufikishwa mbele ya jaji. Hapa mshindi hakumhukumu aliyeshindwa, na naye hakuhukumiwa. Ni usawa wa aina yake, lakini msomaji atakayeuita haki atakuwa ametumia kipimo kingine kwa nchi yake.

Mahali pa kupata nyaraka

Hukumu za mahakama ya Arusha, hati za mashtaka na kumbukumbu za vikao vya wazi zinapatikana bure kwenye intaneti, na kumbukumbu zenyewe zinatunzwa Lakilaki, nje kidogo ya jiji la Arusha, na taasisi ya Umoja wa Mataifa iliyorithi kazi za mahakama hiyo. Anza na hukumu ya Jean-Paul Akayesu ya tarehe 2 Septemba 1998, kwa kuwa ni hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari na inaeleza historia kwa lugha inayosomeka. Kisha soma maamuzi mawili ya Barayagwiza, la Novemba 1999 na la Machi 2000, moja baada ya jingine bila kuruka. Ripoti za waendesha mashtaka kwa Baraza la Usalama ni fupi na huzungumza kwa mafumbo, lakini ndizo zinazotaja majalada yaliyohamishwa. Majalada ya uchunguzi ambayo hayakuzaa mashtaka hayamo katika kumbukumbu za wazi, kwa hiyo sehemu ya hesabu inayomhusu mshindi utaijenga kwa ripoti za tume, taarifa za mashirika ya haki za binadamu na ushuhuda uliotolewa pembeni katika kesi za watu wengine.